Mkalimani Aliyemeza Dawa za Nchi Mbili

Siku hizi nikipita njia ya kwetu Bulumbi, watoto wadogo, wale ambao hata kamasi zao wenyewe hawajajifunza kupangusa, hufumba macho, hulaza shingo upande mmoja na kukoroma mpaka nipotee kwenye kona. Siwalaumu. Kama aibu ingekuwa ya mtu mwingine ningekoroma kuwashinda wote, tena ningeongeza na udenda, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa mchekeshaji wa kijiji hiki kabla kijiji hakijaamua kunicheka mimi. Basi wacha nisimulie mwenyewe ilivyokuwa, kwa sababu habari ikishapita midomoni mwa watu wa soko la Busia inarudi nyumbani ikiwa na pembe na mkia (nimeshasikia kwamba nilivua viatu na soksi, uongo mtupu, viatu nilikuwa navyo mpaka mwisho).

Chanzo ni pua. Pua yangu haijawahi kuwa na adabu tangu nizaliwe. Asubuhi ya baridi, inatoa maji. Mama akitia pilipili kwenye mafuta ya moto, inatoa maji. Moshi wa kuni, maji. Mwanamke aliyejipulizia manukato akipita hata ng'ambo ya barabara, maji. Haiwashi, sipigi chafya, macho hayana neno, ni bomba tu ambalo mtu alisahau kulifunga. Nyumbani waliamua zamani kwamba nina aleji, na kwetu mwenye aleji dawa yake inajulikana, ni vile vidonge vidogo vya njano ambavyo duka la dawa linakufungia kwenye kipande cha karatasi kama njugu. Nimevimeza tangu shule ya msingi. Nikimeza, nalala, nikiamka moto umezimika, baridi imekwisha, pua imetulia, nami najisemea, dawa hii ni kiboko. Haikunijia hata siku moja kwamba pua ilitulia kwa sababu moshi ulikuwa umeondoka. (Na niko sekondari, tena nasoma sayansi, tafadhali msimwambie mwalimu wangu.)

Sasa, dada yangu Nekesa alipata mchumba, Owori, fundi umeme kutoka Molo, kule Tororo, na siku ikapangwa ya watu wake kuja kujitambulisha kwa wazazi wetu. Sisi ni Wasamia, wao ni Wapadhola, na mtu wa mbali atauliza, kwani Kiswahili hamna? Tunacho, lakini Kiswahili kwetu ni cha kununulia nyanya na kugombana na madereva wa malori. Siku ya kumtoa binti, mzee anasema kwa lugha ya mama yake, na katikati anasimama mkalimani. Mimi nasoma bweni Tororo, kwa hiyo Kipadhola kiko mdomoni kama changu. Baba hakutaka kusikia kwamba mkalimani niwe mimi. Alikuwa na mzee wake mmoja, mtu mzima wa kofia, ambaye kazi yake ni kukalimani shughuli kama hizo.

"Baba, kwa nini tukodishe mtu na Barasa yupo?" Nekesa akasema. "Akisema, watu wanasikiliza."

"Akisema, watu wanacheka," Baba akajibu. "Hiyo ni kitu ingine."

"Hatacheza. Mimi ndiye ninayeolewa, na nimemchagua ndugu yangu."

Baba akanitazama kwa muda, namna unavyotazama ng'ombe ambaye mwenye kumuuza anakuapia hapigi teke. "Haya. Lakini Nekesa, akituharibia, ni wewe ulisema."

Nilimwahidi dada kwamba siku hiyo sitatia mzaha hata mmoja. Na mnisikie vizuri, niliahidi kwa moyo wangu wote. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma, kwamba siku niliyoharibu ndiyo siku pekee ambayo sikukusudia.

Asubuhi ya shughuli uani kulikuwa na mafiga ya kutosha kupikia jeshi, kuni mbichi, moshi unakufuata hata ukijificha nyuma ya choo. Mimi nimevaa kanzu nyeupe ya kuazima na koti juu yake, nimependeza, na pua imeanza kazi. Baba alipita akasimama.

"Barasa, hiyo pua. Wageni utawaamkua na mkono gani?"

Nikameza vidonge viwili vya njano. Nikangoja. Pua ikaendelea kama haijaambiwa kitu. Ndipo akatokea Shangazi Taaka, ambaye anavusha nguo za mitumba kutoka upande wa Kenya na anajua dawa ya kila ugonjwa isipokuwa wa mdomo wake.

"Wewe unameza hiyo ya huku? Hiyo ni unga tu ya mihogo," akasema, akafungua mkoba. "Shika hii. Hii nimetoa Kenya. Dawa ya Kenya iko na nguvu, mtoto wangu, itafunga hiyo mfereji mara moja."

Hapa lazima nieleze ugonjwa wetu sisi watu wa mpaka. Sisi wa Uganda tunaamini dawa ya kweli ni ya Kenya. Wakenya nao wanavuka kuja kwetu kutafuta dawa ya kweli ya Uganda. Pale mpakani wanapishana watu wenye kikohozi kilekile, kila mmoja anakwenda kupona kwa mwenzake. Basi nami sikuuliza jina la dawa. Vya Shangazi vilikuwa vyeupe na vikubwa kidogo, vya kwetu ni vya njano, kwa hiyo kwa akili yangu ya kisayansi hizo zilikuwa dawa mbili tofauti. Nikameza vyeupe viwili juu ya vya njano viwili, nikanywa maji, nikajiona nimekuwa mtu wa maana sana.

Wageni wakafika. Mahema mawili yalitazamana, letu huku na lao kule, katikati uwanja mtupu, na katikati ya uwanja mimi na kipaza sauti. Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko hata nilivyoota. Maamkizi niliyageuza kutoka Kisamia hadi Kipadhola na kuyarudisha bila kujikwaa, wazee wanatikisa vichwa, na dirishani niliona pazia likisogea kidogo, nikajua Nekesa ananitazama (msichana hatoki mpaka aitwe) na nadhani alikuwa anatabasamu. Upande wa wageni Owori alikaa ameinamisha kichwa, kimya. Ndivyo inavyotakiwa. Mwoaji siku hiyo hasemi neno, watu wake ndio mdomo wake.

Halafu jua likapanda na dawa nazo zikapanda. Ulimi ukawa mkavu kama kipande cha gunia. Kope zikaanza kushuka zenyewe, nazipandisha, zinashuka, kama pazia la duka ambalo springi yake imekufa. Na pua, mkitaka kujua, ilikuwa bado inatiririka, kwa sababu mashangazi wa Owori walikuwa wamejipulizia manukato kwa mkono mwema sana.

Akasimama Mzee Othieno, baba mkubwa wake Owori, msemaji wa wageni. Mzee huyu anasema taratibu, kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka, na hapumziki kumngoja mkalimani. Mkalimani mzoefu angemwomba akate maneno vipande vipande. Mimi nikaona kumkatiza mzee wa watu ni utovu wa adabu, wacha amalize nitasema yote kwa pamoja. Nilisikia mwanzo wake vizuri: "Leo hatukuja peke yetu." Baada ya hapo miguu ikaniambia kwamba wao wamefika mwisho.

Mbele kabisa ya hema la wageni, peke yake, kulikuwa na kiti cha mbao cha zamani chenye mikono, na koti jeusi limetundikwa kwenye mgongo wake. Hakuna aliyekikalia. Nikafikiri, huyu ameacha koti amekwenda kujisaidia, nitamwachia akirudi. Nikaenda nikakaa. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo namna hiyo, uamuzi wa kukaa. Nakumbuka hema lote la wageni lilitulia ghafla, nami nikaona, wakwe hawa wana heshima, wanavyomsikiliza mzee wao! Nikaegemea kwenye lile koti. Lilinukia sanduku na sabuni. Mzee akaendelea, na sauti yake ikaniingia kama mvua juu ya mabati.

Nimeambiwa baadaye kwamba fundi wa spika alihangaika sana. Kulikuwa na sauti inavuma kwenye spika, inakuja na kwenda, akagonga nyaya, akabadilisha waya, akazima akawasha. Ilikuwa pumzi yangu. Kipaza sauti kilikuwa kifuani.

"Mkalimani."

Niliota niko kwenye foleni ya uji shuleni.

"Wewe, mkalimani!"

Nikafumbua macho. Mzee Othieno amenyamaza na ananitazama. Hema la wageni lote linanitazama. Watu wa kwetu, ambao hawakuelewa neno hata moja la hotuba, wananyoosha shingo wakingoja utamu. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, "Samahani mzee, rudia," na mambo yangeishia kwa kofi la Baba ambalo nimeshalizoea. Lakini mtu akizoea kuponyoka kwa mdomo haombi msamaha, anabahatisha. Nikajiambia, wazee wote wenye hotuba ndefu husema mambo yaleyale. Nikainua kipaza sauti, hukohuko nilikokaa, nikasema kwa Kisamia:

"Mzee anasema wamefurahi kupita kiasi, njia ilikuwa njema, na harufu ya vyungu vyetu imeshawafikia puani, kwa hiyo wazazi msiwacheleweshe!"

Weee! Hema letu lililipuka. Vigelegele, makofi, ngoma ikadakia, wapishi wakapunga miiko juu. Shangazi Taaka akaingia uwanjani kwa kiuno, akaja moja kwa moja mpaka pale nilipo, akakizunguka kile kiti akicheza na kuniimbia, na akina mama wengine watatu wakamfuata. Kijana aliyekodiwa kupiga video naye akasogea karibu asipitwe. Mimi nikapiga makofi nikiwa nimekaa. Nilifikiri nimeokoka.

Ng'ambo hakuna aliyecheka. Mama yake Owori alikuwa na leso mdomoni na macho mekundu, na macho hayo yalikuwa yanatazama viuno vinavyokatika kuzunguka kiti. Akasimama. Akachukua mkoba wake. Akaanza kutembea kuelekea kwenye gari, na mashangazi wa manukato wakaanza kuinuka mmoja mmoja nyuma yake. Ngoma ikapungua, ikapungua, ikakatika.

Ndipo Owori akafanya ambalo mwoaji hafanyi. Akanyanyuka, akaja, akanitoa kipaza sauti mkononi polepole kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akasema kwa Kiswahili chetu cha sokoni ili kila mtu asikie.

"Mnisamehe, najua leo mimi si wa kusema. Lakini baba mkubwa hakusema chakula." Akaelekeza mkono kwenye kiti nilichokalia. "Hii kiti ni ya baba yangu. Hiyo koti ni yake. Alijua ninakuja hapa, alishapiga koti pasi mwenyewe na alikuwa mgonjwa. Alipoona hawezi kufika, akasema: peleka kiti yangu, wazazi ya Nekesa waone kwamba nilikuja. Tumezika yeye, ndiyo tukaleta kiti. Baba mkubwa alikuwa anawaomba mumwamkue. Ni hiyo tu aliomba. Mumwamkue."

 

Nikasimama kutoka kwenye kiti kile, na nilipogeuka niliona ambalo sitalisahau. Begani kwenye koti la marehemu, pale nilipolaza uso, kulikuwa na doa la maji pana kama kiganja. Nilikuwa nimetiririka usingizini. Dawa za nchi mbili zilikuwa zimemlaza mwenye pua, na pua yenyewe ilikuwa zamuni, haikufumba jicho. Nilijaribu kulipangusa kwa mkono wa kanzu, na Owori akanishika mkono akasema kwa sauti ndogo, "Wacha, shemeji. Wacha."

"Nililala," nikasema. Nilisema bila kipaza sauti, lakini kulikuwa kimya hivi kwamba walinisikia wote. "Sikusikia kitu. Nimetunga."

Baba yangu ni mtu anayengoja kuamkuliwa. Siku hiyo alivua kofia, akavuka uwanja kichwa wazi mbele ya majirani zake wote, akamfuata mama yule mpaka kwenye gari, mlango ukiwa tayari umefunguliwa.

"Mama, waliocheza hawakujua," akamwambia. "Makosa ni ya nyumba yangu. Usiende nayo njiani."

"Mimi sikuja hapa mume wangu achezewe ngoma," mama akasema. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Najua. Niruhusu nimwamkue mwenzangu. Halafu kama utakwenda, utakwenda."

Akarudi, akakibeba kile kiti mwenyewe pamoja na koti lake, hakumruhusu mtu amsaidie, akakivusha uwanja mpaka kwenye hema letu na kukiweka karibu na chake. Akasimama mbele yake, akainama, akakiamkua kwa Kisamia maamkizi yote, ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo, mpaka mwisho. Mama yangu akamfuata, na wajomba, na Shangazi Taaka akipiga magoti huku analia. Mama yake Owori alitazama yote akiwa ameshika mlango wa gari. Kisha akaurudisha, ukafungika, akaja akaketi.

Shughuli ikaendelea. Mzee Othieno alisema yaliyobaki kwa Kiswahili kifupi kifupi, bila mkalimani. Nekesa aliitwa, akatoka, akapokelewa. Watasema iliisha vizuri. Lakini chakula kilipoletwa mama yake Owori aliweka sahani mapajani na hakugusa kitu, na kwetu mgeni asiyekula amesema mengi. Na Nekesa aliiona sahani ile. Siku yake nzima, macho yake yalikuwa kwenye sahani ile.

Mimi nilikuwa nimefukuziwa jikoni kwenye moshi, nachuruzika kama kawaida. Akanijia huko na nguo zake za sherehe.

"Ulikuwa umelewa?"

"Hapana. Nilimeza dawa ya pua."

"Ya pua," akasema. Akangoja kama kuna zaidi. "Mimi ndiye niliyesema uwe wewe, Barasa." Akaondoka, ameshika gauni lisiguse majivu.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa nesi wetu nikamweleza kila kitu isipokuwa kiti. Akauliza kama macho huniwasha, kama napiga chafya mfululizo, kama kuna msimu. Nikasema hapana, ni moshi, baridi, pilipili na manukato. Akaniambia hiyo haifanani na aleji kabisa, ni pua inayokasirishwa na vitu kama hivyo, na dawa ya aleji haiwezi kuituliza kwa sababu haipigani na kitu kilichopo. Ya njano na nyeupe nilizomweleza, akasema, karibu hakika ni dawa ileile ya kulewesha usingizi, nimejipa mara mbili. Akanionyesha kusafisha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na akasema kama haitoshi kuna dawa ya kupuliza ambayo daktari anaweza kuniandikia. Chumvi! Imekaa jikoni kwetu miaka yote, wala haina haja ya kuvuka mpaka.

Kwa hiyo nimeapa. Sitameza tena kidonge kwa sababu ya rangi yake wala kwa sababu ya nchi kilikotoka, na sitawaambia watu maneno ya mtu ambayo sikuyasikia, hata nikijua kwamba nikiyatunga yatakuwa matamu. Baba alinipeleka Molo kuomba radhi, nikaomba kwa magoti, mama yule akanipa chai na kusema imekwisha, mwanangu. Nilimwamini. Nilirudi shule nikiwa mwepesi, hata nilianza kusimulia kisa hiki bwenini kwa vichekesho, spika na viuno vya Shangazi na yote.

Likizo iliyofuata nikaenda kumtembelea Nekesa kwake. Jirani mmoja alikuwa amekuja, akaomba aone video ya utambulisho. Owori akaiweka. Wageni wakawasili, wakaketi, nikajiona nimesimama katikati na kanzu yangu, nasema vizuri, jirani akanisifu. Halafu Mzee Othieno akasimama, akasema yale maneno, "Leo hatukuja peke yetu," na Owori akachukua rimoti. Picha zikaanza kukimbia, watu wadogo wadogo wanaruka kama siafu waliomwagiwa maji, mpaka akafika kwenye chakula, akaachia.

"Hapo katikati kulikuwa na nini?" jirani akauliza.

"Hotuba tu," Owori akasema.

Hakunitazama, na Nekesa akainuka kwenda kuangalia chai ambayo ilikuwa imeshaletwa. Sehemu hiyo ndiyo pekee katika video nzima anapotajwa baba yake Owori, naye Owori hawezi kuitazama, kwa sababu kila akiiweka mimi nimo ndani, nimelala.